Nyumba Isiyogongwa Msumari

Mama alipotumbukia kwenye veranda hakupiga kelele. Alikuwa anatoka na sinia la omena, dagaa wa ziwani, za kuanika, ubao ukakatika chini yake, mguu wa kulia ukazama mpaka gotini, na yeye akabaki ameketi pale pale, omena zimetapakaa, kuku wanajifaidi. Wanawake wa kwaya waliokuwa wanampitia kwenda mazoezi ndio waliomkuta. Walimshika makwapa wakamvuta. Baadaye aliniambia kilichomuuma zaidi si mguu, ni kuwaangalia wale kuku asiweze hata kuwatupia kiatu.

Mimi nilikuwa Migori, wodini. Ni muuguzi, na kwa umri huu miguu yangu hulalamika kabla ya wagonjwa. Kaka yangu alinipigia simu kutoka Homa Bay mjini, ambako ana duka la vipuri vya pikipiki. Kila anaponipigia saa za kazi huwa najua ni habari za mama.

"Ameanguka," alisema. "Hajavunjika. Lakini wewe ndiye unajua mambo ya miguu."

Katika familia yetu mimi ndiye najua mambo ya miguu, ya presha, ya macho, na ya nani apelekwe wapi. Tumezaliwa wengi, tumebaki wawili, na kati ya hao wawili mmoja ndiye hupigiwa simu. Niliomba ruhusa, nikapanga nguo mbili na dawa za vidonda, nikaenda nyumbani.

Nyumbani kwetu ni juu kidogo ya Sindo, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Baba alikuwa fundi wa boti. Alipojenga nyumba hakutaka kuchimba mlima wala kumwaga saruji. Alisimamisha nguzo fupi upande wa chini, akalaza boriti, akatandika mbao juu yake kama mtu anayejenga sakafu ya boti. Zilikuwa mbao za mvule, mabaki ya kazi zake, nene kama kiganja kilichosimamishwa ubavu. Majirani walimcheka wakisema ziwa likija juu ataondoka na nyumba nzima. Yeye alipenda kukaa pale jioni, viatu amevua, akisikiliza mbao zikilia chini ya watu. Alisema angeweza kutambua nani anaingia bila kugeuza kichwa.

Mvule haiozi haraka. Lakini bati la mbele lilikuwa na tundu, mfereji wa maji ya paa ulikuwa umeanguka, na mvua ya miaka mingi ilidondoka mahali pamoja. Kisha mchwa wakaja. Mama alifunika sehemu mbovu kwa mkeka. Mkeka ulipooza akaleta mwingine. Sisi tuliokuja kumtembelea tulijifunza kukanyaga penye vichwa vya misumari, maana chini yake kuna boriti, na wageni tuliwaonyesha njia kama tunawavusha mto.

Nieleze kwa nini hakuna aliyeitengeneza, kwa sababu mtu wa mbali angeweza kudhani hatukumjali.

Baba alipofariki na siku za matanga kuisha, wazee wa ukoo walimjia mama na mazungumzo ya mila. Kwetu, mjane hutarajiwa apate mwanamume wa ukoo wa kumrithi, na mpaka hilo lifanyike nyumba yake haiguswi. Hapigiliwi bati, hakandikiwi ukuta. Atakayeigusa anaweza kuvuta chira, ule ugonjwa wa laana unaomkausha mtu polepole kama kuni. Mama aliwasikiliza wazee mpaka mwisho, akawapa chai, kisha akawaambia, "Nilikuwa na mume. Sasa nina Mungu na mbuzi wawili. Wananitosha."

Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemfukuza. Watu walimsalimu vizuri, walimletea samaki, walimwombea kanisani alipougua. Ila msumari haukugongwa. Fundi wa mfereji aliahidi kuja akapata safari. Mwingine alikuja akatazama, akasifu kazi ya marehemu, akaenda asirudi. Mwaka ukafuata mwaka, na veranda ikawa inaoza mbele ya macho ya watu wenye adabu.

Nilimkuta kitandani, mguu ameuweka juu ya mto. Ngozi ya muundi ilikuwa imechunika kuanzia goti mpaka karibu na kifundo, na vibanzi vya mbao vilikuwa bado ndani. Nilichukua muda mrefu kuvitoa. Hakujikunja hata mara moja. Alikuwa anaangalia dari.

"Twende Migori, mama," nilisema nikifunga bendeji. "Ukae na mimi mpaka upone."

"Nikae kwako nikiangalia ukuta wa jirani?"

"Ni kwa muda tu."

"Wazee huenda kwa watoto wao kwa muda tu, wanarudi kwa jeneza." Akanigeukia. "Mimi sitaki kuhamishwa, nyathina. Nataka mbao."

Nyathina maana yake ni mwanangu, na mama hulitumia neno hilo pale tu anapotaka kitu ambacho hutaweza kumnyima. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kukataa kulionekana ni kazi.

Asubuhi nilishuka Sindo kumtafuta fundi. Nilimpata mmoja anatengeneza vitanda, mtu mpole mwenye penseli nyuma ya sikio. Alikubali mara moja. Aliniuliza urefu wa mbao, akaandika kwenye kipande cha boksi, akasema kesho mapema atakuwa amefika. Kesho ikafika, jua likapanda, na fundi hakuonekana. Nilishuka tena. Alikuwa anapiga randa, na aliponiona akaacha, akafuta mikono kwenye suruali bila haja.

"Sista, naomba usinikasirikie," alisema. "Mimi sina shida na Dani, bibi yetu sote. Ni mama mzuri, alinifundisha nyimbo nikiwa mdogo. Lakini nilimwambia mke wangu ninakoenda, naye ana mimba. Akalia. Sasa nifanye nini?"

Nimewahi kuona wanawake wajawazito wakilia kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na sikumwambia mtu yeyote kwamba ni upumbavu. Nilimshukuru. Akaniazima msumeno, mtaimbo na nyundo, na kuniambia nitumie misumari ya inchi nne. Hayo alikuwa radhi kuyafanya.

Nilimpigia kaka. Nilimwambia anunue mbao mjini, azipakize, azilete.

"Nani atazipigilia?" akauliza.

"Wewe zilete."

Alizileta kwa pikapu ya kuazima. Zilikuwa za saipresi, nyeupe, zinanukia vizuri, na tulipozishusha tukaona mara moja kwamba ni nyembamba kuliko zile za baba. Ilikuwa mchana wa jua kali. Kaka alisaidia kushusha, akaenda kumsalimu mama kwa kupitia mlango wa nyuma wa jikoni, kisha akarudi kwenye gari, akaketi, mlango wazi, mguu mmoja nje.

"Hushuki?" nilimuuliza.

"Nimeshuka, nimepanda tena."

"Unajua ninachouliza."

Alishika usukani kana kwamba gari linakwenda. Kaka yangu ni shemasi kanisani. Amesimama mbele ya watu akahubiri kuhusu giza na nuru. "Mimi siamini mambo hayo," alisema. "Unajua siamini. Lakini nina watoto watatu. Sitaki kuwa mtu wa kujaribu."

Ningeweza kumwambia mengi. Nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyabeba tangu Migori. Lakini kulikuwa na joto, na mbao zilikuwa chini, na nilijua nikianza kugombana sitabakiwa na nguvu za kushika nyundo. Nikamwacha.

Mama alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, akaketi kwenye kigoda ndani ya kizingiti, mguu wenye bendeji ameunyoosha. "Leta nyundo," akasema.

"Bado hatujang'oa hata ule mbovu, mama."

"Leta tu. Nyumba ni yangu. Asije mtu akasema wewe ndiye ulianza."

Nilimwekea kipande cha saipresi juu ya ubao wa baba uliokuwa karibu naye, ule uliokuwa bado mzima, nikamshikia msumari. Aliinua nyundo kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilikosa. La pili liliugonga msumari kichwani ukajikunja kama ndoano. Akautazama.

"Basi," akasema, akanirudishia nyundo. "Imeanza."

Nikaanza kung'oa. Sikuwa nimewahi kung'oa ubao maishani. Kwenye tundu lililomla mama nilipata pa kuingiza mtaimbo, na ubao ule ukatoka vipande vipande, laini kama keki iliyolowa, mchwa weupe wakimwagika. Uliofuata ulikuwa umeoza nusu, na nusu nyingine ilikuwa mvule hasa, haikubali kuachia. Misumari ya baba ilikuwa imeota kutu ndani ya mti, ikawa kitu kimoja nao. Nilibonyeza mtaimbo kwa uzito wangu wote, nikasikia kichwa cha msumari kikikatika, na mimi nikaketi chini kwa makalio. Mama hakucheka. Alisema, "Pole." Baada ya hapo kila nilipoanguka alisema pole, kwa sauti ile ile, kama anavyoitikia sala.

Kwenye wodi mtu huchoka kwa njia ninayoijua: mgongo, nyayo, na kitu fulani nyuma ya macho. Huu uchovu ulikuwa mwingine. Viganja vilitoka malengelenge kabla ya ubao wa tatu. Nilijiuliza kwa nini nisimwachie mama mkeka mwingine nirudi kazini. Nilijiuliza pia, na hili sikulipenda, kama nilikuwa namfanyia mama au nilikuwa nawaonyesha wale wazee, ambao nusu yao sasa wako makaburini na wasingeona chochote.

Nilipofika kwenye kukata, niliweka ubao mpya juu ya kigoda kingine, nikaukanyaga kwa goti, nikaanza kuvuta msumeno. Mstari ulikwenda vizuri kwa kitambo kidogo, kisha ukapinda. Nikazidi kuvuta. Msumeno ukabanwa. Niliuchomoa, nikaanza upande wa pili ili mikato ikutane katikati, na haikukutana.

Nikasikia mlango wa pikapu ukifungwa kwa nguvu.

"Unaharibu mbao," alisema kaka. Alikuwa amekuja mpaka kwenye ngazi. "Unashikaje msumeno hivyo? Unasaga unga?"

"Ninakata."

"Hukati, unatafuna. Lete hapa."

Alininyang'anya msumeno. Sidhani alifikiri. Baba alitufundisha sisi sote kushika mbao, lakini alimfundisha yeye kukata, na nadhani mkono wake haukuweza kuvumilia kuangalia. Alipiga mstari kwa kucha, akakanyaga ubao, akavuta mara chache ndefu, kipande kikaanguka sawasawa. Alibaki ameshika ule msumeno. Aliangalia miguu yake: ilikuwa juu ya veranda.

Mama alisema kutoka mlangoni, "Usivue viatu, kuna misumari."

Hilo tu. Kaka akakunja mikono ya shati.

Tulifanya kazi mpaka jua likashuka upande wa visiwa, na siku iliyofuata tena. Boriti iliyo karibu na ukuta, pale ambapo maji yalikuwa yanadondoka, ilikuwa imekwisha kabisa mwishoni. Ukiibana kwa vidole inatoa maji. Kaka alitambaa chini ya sakafu kwa mgongo, na suruali yake ya dukani, akapigilia boriti mpya ubavuni mwa ile ya zamani huku mimi nikiikandamiza kwa juu. Mara kwa mara alinipitishia vitu alivyokuta huko: vijiko viwili, mswaki, kandambili ya mtoto, mayai ya kuku yaliyokauka mpaka yakawa mepesi kama karatasi. Mama alitaka kuviona vyote. Kandambili aliigeuza mara nyingi, akitafuta ilikuwa ya nani. Katika nyumba yetu walipita watoto ambao hawakukua. Hakutuambia kama aliitambua. Aliiweka kando ya kigoda chake.

Kwa kuwa mbao mpya zilikuwa nyembamba, tulipasua vipande vya zile za zamani zilizokuwa bado nzima, tukaviweka juu ya boriti ili kuinua sakafu. Hata hivyo haikukaa sawa. Palibaki kidato kidogo kati ya sehemu ya baba na sehemu yetu, kiasi cha unene wa kidole. Tulipaka oili chafu kutoka gereji ili mchwa wasirudi, na veranda nzima ikanuka lori. Tatu za mwisho upande wa ukuta wa chumba cha kulala hatukuzibadilisha, mbao ziliisha. Zilikuwa mbovu kidogo tu. Mama alisema ataweka hapo mtungi.

Tulipokuwa tunapumzika, migongo tumeegemeza ukutani, kaka aliuliza bila kumwangalia mtu, "Mama, na nikiugua?"

"Ukiugua utakunywa dawa," mama alijibu. "Dada yako anafanya kazi wapi?"

Jirani mmoja alikuwa akipita na kurudi kwenye njia iliyo chini ya boma tangu asubuhi. Ni mke wa binamu yetu, au alikuwa. Mumewe alifia ziwani, boti ilipopinduka. Ni mdogo kwangu kwa miaka mingi. Mwishowe alipanda, akasimama chini ya ngazi na kikapu cha mihogo, akaangalia mbao mpya.

"Wifi, poleni na kazi," aliniambia.

"Asante. Karibu juu."

Hakupanda. Alimkabidhi mama mihogo kwa kunyoosha mkono, wakaongea habari za mvua. Alipogeuka kwenda, aliniita pembeni, karibu na mti wa mpapai, akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, mlango wangu haufungi. Umekatika bawaba. Nalala nimeusukumia meza."

Tangu lini, nilimuuliza. Akasema tangu mazishi.

Nilikuwa nasikia mapigo ya moyo kwenye malengelenge ya mikono yangu. Nilitaka kumwambia atafute mtu mwingine, na nilijua kama yeye anavyojua kwamba hakuna mtu mwingine. Kaka alikuwa anatutazama kutoka verandani, na alijua, nadhani, kinachoombwa, maana alitikisa kichwa taratibu: usiahidi.

"Sasa hivi siwezi, wifi," nilisema. "Kesho narudi kazini. Nitakuja Desemba."

"Desemba," akarudia, bila kunilaumu. Mtu aliyelala na meza mlangoni muda wote huo haoni Desemba kuwa mbali.

Baada ya wiki kadhaa kaka akaugua. Mkewe alinipigia simu akiwa hawezi kuongea vizuri; alisema ana homa, anatetemeka, hali chakula, na kwamba watu wameshaanza kusema. Nilimwambia ampeleke kupimwa. Kisha nikaenda chooni pale hospitalini, nikafunga mlango, nikasimama. Nimesomea kazi hii. Nimeshika maelfu ya watu wenye malaria. Na bado nilisimama pale nikihesabu nani aligusa nini: mama aligonga wa kwanza, mimi niling'oa, yeye alikata. Nilitaka iwe ni mimi. Matokeo yalirudi: malaria, na ilikuwa nyingi. Alikunywa dawa akapona, akakonda kidogo, akarudi dukani. Aliponipigia mwenyewe sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekasirika.

"Umewahi kuona mwaka nisiougua malaria?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi waambie."

"Niwaambie akina nani?"

"Sijui," akasema. "Wao."

Sindo wako wanaosema mpaka leo kwamba aliponea chupuchupu. Wengine husema kama ingekuwa chira asingepona, kwa hiyo mama alikuwa na haki. Mama mwenyewe hasemi. Mguu ulipona ukaacha kovu refu linalong'aa. Ameanza tena kuanika omena kule nje, na wanawake wa kwaya sasa hufanyia mazoezi pale siku za mvua, wote wamejazana kwenye sehemu mpya, kwa sababu hawaiamini ile ya baba, ingawa ya baba ndiyo imara zaidi.

Desemba nilikwenda na bawaba mbili kutoka Migori. Kaka hakuwa amesema atakuja. Nilimkuta tayari kwa yule mjane, ameutoa mlango, ameulaza chini kwenye nyasi, anachimba kwa patasi mahali pa kuingiza bawaba, na uso wake ulikuwa na ile hasira ya mtu anayefanya kitu asichotaka kuulizwa. Nilishika upande wa pili wa mlango, tukauinua. Ulikuwa mzito kuliko nilivyofikiri, na tuliuinua na kuushusha mara nyingi kabla haujakaa.